Tanga, Tiara na Paa la Shule: Ziara za Masomo Zirudishiwe Masomo

Mabasi yaliyofungwa vitambaa vyenye maandishi "Ziara ya Masomo" yamekuwa sehemu ya mandhari ya barabara zetu kuu. Yanakwenda Bagamoyo, yanakwenda Mikumi, yanakwenda uwanja wa ndege. Ndani yake mna nyimbo, nderemo na walimu waliochoka kuhesabu vichwa. Jioni yanarudi, na kila mtoto hushuka na picha kadhaa na chupa tupu ya soda. Sina ugomvi na furaha ya watoto. Mtoto asiyecheka njiani huenda asijifunze hata afikapo. Ugomvi wangu ni juu ya neno la mwisho katika kitambaa kile. Ziara ipo. Masomo yamekwenda wapi?

Katika makala haya nataka kutetea hoja moja: kwamba ziara ya masomo ndiyo maabara ya bei nafuu kuliko zote tulizonazo, kwamba tumeiacha igeuke matembezi ya wanaoweza kulipa, na kwamba suala hili ni la kisiasa kabla halijawa la mbinu za kufundishia. Nitatumia mfano wa tawi moja la fizikia, aerodinamiki, yaani elimu ya mwendo wa hewa na ya vitu vinavyopita ndani ya hewa hiyo. Nimelichagua kwa sababu wengi hudhani ni elimu ya nchi zenye viwanda vya ndege, ilhali mwambao wetu umeishi nayo kwa karne nyingi bila kuipa jina hilo.

Jibu linalopewa alama zote

Mwulize mwanafunzi wa sekondari, au hata wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, ndege hurukaje. Atakujibu bila kusita: bawa limebinuka juu na kunyooka chini, hewa inayopita juu ina njia ndefu zaidi, hivyo hulazimika kwenda mbio ili ikutane na mwenzake wa chini kwenye ukingo wa nyuma, penye kasi kubwa kanieneo hupungua, basi bawa hunyanyuka. Jibu hili huhusishwa na Daniel Bernoulli, aliyechapisha kitabu chake Hydrodynamica mwaka 1738, na kwa kuwa limebeba jina la mtu mkubwa, hupewa alama zote.

Sehemu moja ya jibu hilo ni kweli, nyingine ni uzushi. Ni kweli kwamba hewa ya juu ya bawa huenda kasi zaidi na kwamba kanieneo huko hupungua. Ni uzushi kwamba hewa iliyotengana ina ahadi ya kukutana tena. Hakuna kanuni yoyote ya maumbile inayoilazimisha. Ukipitisha moshi juu na chini ya bawa katika handaki la majaribio ya upepo, utaona moshi wa juu unafika nyuma mapema kuliko wa chini, haumsubiri mtu. Tena, kama umbo la mbinuko peke yake ndilo lingekuwa siri ya kuruka, ndege za maonyesho zisingeweza kuruka zikiwa zimepinduka kichwa chini.

Kosa hili si letu peke yetu. Limo vitabuni katika nchi nyingi, pamoja na zile zinazotengeneza ndege. Tofauti ni kwamba huko mwanafunzi ana nafasi kadhaa za kukutana na kitu chenyewe kikamkanusha. Mwanafunzi wetu hukutana na ubao, daftari na karatasi ya mtihani, na vyote vitatu vinakubaliana.

Siku ya kaskazi

Februari iliyopita, kaskazi ikiwa bado inavuma, niliombwa kuambatana na wanafunzi wa kidato cha tatu wa shule moja ya serikali waliokwenda ufukweni kujifunza aerodinamiki kwa mikono. Mwalimu wao wa fizikia, mama mmoja mwenye subira ya mvuvi, hakuwa na vifaa vya maabara. Alikuwa na tiara kumi zilizotengenezwa kwa mifuko ya plastiki na chelewa za ukuti, mizani ya kuning'iniza aliyoazima kwa muuza samaki, vipande vya uzi wa sufu, na makubaliano na nahodha wa mashua moja.

"Shikamoo, babu," walisalimu kwa pamoja.

"Marahaba, wajukuu zangu. Leo mmekuja kuoga au kusoma?"

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono kuelekea bahari kuu. "Upepo unatoka kule. Nasi tunakwenda kule kule. Nani atanieleza tutafikaje?"

Kimya. Kisha kijana mmoja akasema kwa adabu kwamba upepo utawasukuma warudi nyuma. Mzee akamtazama. "Ingekuwa hivyo, mjukuu wangu, waliokwenda na upepo wasingerudi hadi upepo ugeuke."

Walipanda kwa makundi madogo, kila mmoja amevaa jaketi la kuokolea maisha, na nahodha akaanza kubisha. Kwa msomaji wa bara nieleze: kubisha ni kwenda mshazari upande mmoja, kisha mshazari upande wa pili, ukipanda ngazi isiyoonekana hadi ufike kule upepo unakotoka. Jambo hili haliwezekani ikiwa tanga ni kikapu cha kukingia upepo tu. Linawezekana kwa sababu tanga lililokaa sawasawa hupinda njia ya hewa. Hewa husukumwa kuelekea upande mmoja, nayo hulisukuma tanga kuelekea upande mwingine, kama Newton alivyosema katika kanuni yake ya tatu. Upande wa joshi kanieneo hupanda, upande wa demani hushuka. Nguvu inayopatikana huelekea zaidi ubavuni na kidogo mbele. Maji yanayokinza ubavu wa mashua hukataa ule mwendo wa ubavuni, na kinachobaki ni mwendo wa mbele. Lisimamishe tanga, ni tanga. Lilaze, ni bawa.

Mwalimu alikuwa amewaambia wanafunzi wabandike nyuzi za sufu pande zote mbili za kitambaa. Tanga lilipokaa vizuri, nyuzi zililala zikifuata kitambaa kwa utulivu. Nahodha akalivuta kupita kiasi, kwa makusudi. Nyuzi za upande wa demani zikaanza kucheza ovyo, zikageuka hata kuelekea mbele, na mashua ikapoteza mwendo. "Tanga hulishwa upepo, halishindiliwi," akasema. "Ukilishindilia, linalala." Mhandisi wa ndege angesema kwamba pembe ya bawa imezidi na hewa imebanduka kwenye uso wake, hali ambayo rubani huiogopa kuliko wingu jeusi. Wawili hao wanazungumza jambo lile lile, na wanafunzi waliliona kwa macho kabla ya kulipa jina.

Hapo ndipo binti mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi alipouliza swali ambalo darasani lisingezaliwa: "Mwalimu, hili tanga lina unene gani? Kitabu kinasema njia ya juu ni ndefu kuliko ya chini. Hapa njia zote mbili ni sawa."

Sijui kama yeye mwenyewe alitambua alichokifanya. Kwa kitambaa kisicho na unene wa maana aliangusha maelezo ambayo vizazi vya wanafunzi vimeyakariri. Mwalimu hakumkemea kwa kukipinga kitabu. Alimwambia aliandike swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa taarifa yake, nalo likawa mjadala wa safari nzima ya kurudi.

Namba zilizokataa kunyooka

Ufukweni, kundi jingine lilikuwa likipima mvuto wa tiara kwa mizani ya samaki. Namba zao hazikulingana. Upepo ulikuja kwa mawimbi, uzi ulibadilisha pembe, na vijana wawili walisoma mshale ule ule wakapata majibu mawili. Mwalimu mwingine aliyefuatana nasi alitaka namba hizo "zisafishwe" kabla hazijaandikwa. Niliomba ziachwe zilivyo. Kwa kuzibishania, wanafunzi waligundua wenyewe kwamba inafaa kupima mara nyingi na kutafuta wastani. Na wakaona kwamba upepo ukiongezeka kidogo, mvuto huongezeka sana. Kanuni inasema kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Jedwali lao halikuithibitisha kanuni hiyo kwa unadhifu, ila liliielekea, na hivyo ndivyo vipimo halisi vinavyokuwa.

Wala njia hii si ya watu wasio na uwezo tu. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa mafundi na wauzaji wa baiskeli katika mji wa Dayton. Hakuna aliyekuwa na shahada ya chuo kikuu. Mwaka 1899 walianza na tiara. Vielelezo vyao vya kwanza visipofanya kazi kama majedwali ya wakati ule yalivyoahidi, waliyatilia shaka majedwali, na mwaka 1901 wakajitengenezea kisanduku cha kupitishia upepo wakapima maumbo ya mabawa yapatayo 200. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kwa sekunde 12, umbali wa mita zipatazo 37. Walifika hapo kwa kupima, na kwa kuthubutu kuamini vipimo vyao dhidi ya maandishi.

Paa la darasa lenyewe

Huenda mtumishi wa umma anayesoma makala haya anajiuliza haya yote yanahusu nini wilaya isiyo na bahari wala uwanja wa ndege. Namwomba atazame paa la shule iliyo jirani naye.

Msimu wa mvua hauishi bila kusikia mahali fulani kwamba upepo umeezua madarasa. Tunalisimulia jambo hilo kama kudra, ilhali ni aerodinamiki ya kidato cha tatu. Upepo mara nyingi hauondoi paa kwa kulisukuma, huliondoa kwa kulinyonya. Hewa inapopita kwa kasi juu ya bati, hasa kwenye ukingo na kwenye mgongo wa paa, kanieneo ya juu hushuka. Hewa nyingine huingia kwa madirisha yasiyo na vioo na kusukuma kutoka chini. Paa linakuwa bawa.

Hesabu yake ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.2 hivi. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde. Nusu ya 1.2 mara 20 mara 20 ni 240: nguvu ya niutoni 240 kwa kila mita ya mraba, sawa na mzigo wa kilo zipatazo 24. Bati jembamba la geji 30 halifikii hata kilo 4 kwa mita hiyo. Kwa darasa lenye paa la mita za mraba 63, nguvu ya kulinyanyua yaweza kukaribia tani moja na nusu, na kwenye kingo huzidi. Kinacholizuia paa lisiruke, basi, ni misumari, papi, na jinsi kenchi zilivyofungwa kwenye lenta. Kenchi zikiwa zimewekwa juu ya ukuta bila kufungwa, tumejenga ndege isiyo na rubani juu ya vichwa vya watoto.

Fundi mzoefu analijua hili; atakwambia paa lenye miteremko minne huvumilia upepo kuliko lile lenye pembe wazi pande mbili, na kwamba kutokeza bati mbali sana nje ya ukuta ni kumpa upepo mkono wa kushikia. Ziara ya masomo ya shule ya bara inaweza kuwa ya hatua mia mbili tu: kwenda na fundi kwenye jengo linalojengwa, kupima mteremko, kuhesabu misumari, kupiga hesabu ya nguvu, na kuandika barua kwa kamati ya shule. Darasa likiandika barua hiyo, fizikia imekuwa uraia.

Nani anabaki nyuma

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilaumu shule zinazomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni na kwa waliosoma. Zaidi ya nusu karne baadaye, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024, inazungumza lugha ya umahiri na stadi. Lugha hiyo ni nzuri. Lakini umahiri haupatikani kwa kuandikwa kwenye jalada la mtaala. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta; hawakusema hukaririshwa sehemu za mivukuto.

Katika ziara niliyoieleza, waliopanda basi hawakufika nusu ya darasa. Wengine walibaki kwa sababu wazazi wao hawakuweza kutoa mchango. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima. Ziara kwa kuwa huitwa ya hiari, hupita pembeni mwa waraka huo. Matokeo yake, sehemu ya elimu ambayo ingemsaidia zaidi mtoto asiye na vitabu nyumbani ndiyo inayouzwa, na yeye ndiye asiyeweza kuinunua. Huu ndio ukosefu wa haki ninaousema. Hauonekani katika takwimu za uandikishaji, kwa kuwa mtoto huyo yupo shuleni. Siku hiyo alikuwa amekaa darasani peke yake na wenzake wa hali yake, akinakili muhtasari.

Tukumbuke jirani yetu wa Malawi, William Kamkwamba. Aliacha sekondari kwa sababu familia yake ilikosa ada wakati wa njaa ya mwanzoni mwa karne hii. Akiwa na umri wa miaka 14, kwa kitabu cha maktaba ya kijiji na vyuma chakavu, alitengeneza mtambo wa upepo uliowasha taa nyumbani kwao. Tunampigia makofi, na anastahili. Lakini mfumo unaosubiri mtoto mmoja wa ajabu ashinde vizuizi vyake unapaswa kujiuliza ni wangapi waliozuiwa wakakaa kimya.

Mapingamizi matatu

Wapo watakaosema muhtasari ni mrefu na mtihani uko mlangoni. Ni kweli kwamba muda ni mfupi, ndiyo maana haufai kupotezwa kwa kukariri maelezo yenye kosa. Siku moja ya nyuzi za sufu ilifundisha kanieneo, kanuni ya Newton, wastani na makosa ya vipimo, mada ambazo darasani hugawanywa katika wiki kadhaa.

Wapo watakaotaja usalama, nao nawaheshimu. Hatujasahau Karatu, tarehe 6 Mei 2017, tulipopoteza wanafunzi 32, walimu wao wawili na dereva. Lakini watoto wale walikuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio. Hatari iliyowaua iko barabarani, na inawakabili watoto waendapo popote. Dawa yake ni magari yaliyokaguliwa, madereva waliopumzika na safari fupi za mchana. Kuwafungia watoto darasani hakuitibu barabara.

Wapo pia watakaosema mashua si ndege, na kwamba ninaota ya kale. Siombi turudi kwenye matanga. Nchi yetu imenunua ndege za kisasa, na tumeona baadhi ya Airbus A220-300 zikiegeshwa kwa matatizo ya injini yaliyoyakumba mashirika mengi duniani, nasi tukisubiri wataalamu na vipuri vya wengine. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Swali langu ni kijana gani atafika pale akiwa amewahi kushika bawa lolote, hata la plastiki na chelewa. Vikielea vimeundwa, na vinavyoruka vivyo hivyo.

Yanayowezekana mwaka huu

Hayahitaji mkopo wa kimataifa. Kwanza, kila ziara iwe na swali moja, kipimo kimoja na taarifa moja inayohesabiwa katika alama za maendeleo ya mwanafunzi. Isiyo na vitu hivyo iitwe matembezi, na kitambaa chake kibadilishwe. Pili, mkuu wa shule aanze na mahali panapofikika kwa miguu: kilima chenye upepo, paa, karakana ya baiskeli, mashine ya kupepeta mpunga. Tatu, sehemu ya ruzuku ya shule itengwe kwa safari hizi, na iwe marufuku kwa ziara yoyote yenye jina la masomo kumwacha mtoto kwa sababu ya mchango. Nne, nahodha, fundi paa na fundi baiskeli walipwe posho kama wawezeshaji, kwa risiti, kama tunavyowalipa wawezeshaji wa semina hotelini. Tano, mwanafunzi aruhusiwe kuandika taarifa yake kwa Kiswahili kwanza. Binti yule aliliuliza swali lake kwa lugha aliyokuwa akifikiri nayo. Kwa lugha ya mtihani, nina hakika angenyamaza.

Nanyi wanafunzi wangu wa chuo mnaosoma haya, hasa mnaosomea ualimu na uhandisi, msisubiri waraka. Mwisho wa muhula mnarudi vijijini. Tengenezeni tiara moja, azimeni mizani sokoni, waiteni watoto kumi wasiolipa chochote, mpime nao. Namba zitakataa kunyooka. Ziandikeni hivyo hivyo, kisha mwende nazo kwa afisa elimu wa kata mkamwulize ziara ijayo ya shule yake imepangwa kujibu swali gani.